Kodi Yangu, Nyumba ya Jirani

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa samaki kabla hujanifikia, usihuzunike. Hakuna jema lililokupita.

Kwa kifupi: mimi ni fundi lifti, naishi ugenini, na huko huko ugenini nimenunua nyumba. Si kasri. Ni nusu ya nyumba. Nusu ya pili ni ya jirani, na katikati yetu kuna ukuta mmoja ambao ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakupa pole.

Kila mwaka nalipa kodi ya jengo mtandaoni, maana sheria ya pale ni kwamba mgeni halipii dirishani. Nalipa mapema. Risiti zangu nazitunza kuliko vyeti vya shule. Ndiyo maana nilipokuta karatasi nyekundu imebandikwa kwenye geti langu, inasema nyumba haijawahi kulipiwa kodi tangu niinunue na itapigwa mnada Alhamisi asubuhi, nilicheka. Nikaingia ndani nikicheka. Nikamwonyesha mke wangu, nikamwaga risiti zote mezani.

Yeye hakucheka. Mke wangu ni muuguzi. Amezoea kumuuliza mtu maswali wakati mtu huyo hana pa kukimbilia. Akazipanga zile risiti, akaisoma ile karatasi, akanitazama.

"Hela imetoka," akasema. "Risiti zipo. Nyumba hii haijalipiwa. Sasa mume wangu, ulikuwa unalipia nyumba gani?"

Hapo ndipo nilipoishia. Na hapo ndipo nilipolala pia, maana kitanda changu usiku ule kilikuwa kiti.

"Ni makosa ya mtandao," nilimwambia.

"Mtandao hauna nyumba ndogo," akajibu. "Wenye nyumba ndogo tunawajua."

Kwenye kochi, shemeji yangu akaguna kwa raha. Huyu ni mdogo wake mke wangu, kazi yake ni kupaka rangi. Alikuja tulipohamia, atupakie nyumba kwa wiki moja kisha arudi kwao. Mpaka leo anasubiri rangi ikauke.

"Shem, sema ukweli tu," akasema. "Ukweli haujawahi kumuua mtu."

"Wewe nyamaza."

"Mimi nimenyamaza. Nasema tu kwamba ukweli haujawahi kumuua mtu."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikaenda ofisi ya kodi. Foleni ilikuwa fupi, nikadhani ni bahati. Dirishani alikuwepo dada mmoja anamenya chungwa kwa uangalifu mkubwa, ganda lisikatike.

"Wewe ni mgeni?" akauliza kabla sijafungua mdomo.

"Ni mgeni mwenye nyumba."

"Wageni ni mtandaoni."

"Mtandaoni pamenijibu nije dirishani."

"Dirishani ni kwa raia."

"Sasa dada yangu, mimi niende wapi?"

Akafikiri kwa dhati kabisa. Nilimwona anafikiri.

"Mtandaoni," akasema.

Nikamwomba basi angalau niandikiwe nilipe kidogo kidogo, hata mara ya pili, mradi mnada usimame. Akatikisa kichwa. Raia akidaiwa, akaniambia, anaandikiwa mpango, analipa polepole mpaka amalize, hata kama ni miaka. Mgeni hana mpango. Mgeni akidaiwa, ni mnada. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku ananipa kipande cha chungwa, nami nikakila, maana nilikuwa sijanywa hata chai.

Jumanne nikarudi kazini na roho mkononi. Lifti ya jengo moja la maofisi ilikuwa imekwama kati ya ghorofa mbili, na ndani yake kulikuwa na mama mmoja. Nikapanda juu ya paa la lifti, nikawasha tochi, nikaweka simu kando ya mota, nikapiga namba ya huduma ya kodi huku natafuta ubovu. Simu ikapokelewa na mashine. Mashine ikaniambia nisubiri, ikaanza kupiga muziki.

"Fundi!" mama akaita kutoka chini ya miguu yangu. "Huko juu kuna sherehe?"

"Hapana, mama. Naongea na kodi."

"Inakujibu?"

"Inanipigia zumari."

Akacheka. Mtu aliyekwama kwenye lifti akicheka, wewe fundi unapata nguvu. Nikajikuta namweleza yote: risiti, karatasi nyekundu, mke, kiti. Namweleza huku nafungua nati. Alikuwa mhasibu, akaniambia, na yeye mwenyewe alishateswa na tovuti ile ile kwa ajili ya nyumba yake.

"Hiyo nyumba unayoilipia," akauliza, "umeshawahi kuiona?"

"Mama, nalala ndani yake."

"Sikukuuliza unalala wapi. Nakuuliza kama kule kwenye tovuti umeshawahi kubonyeza pale penye picha. Kila nyumba wameipiga picha. Kuna gari lao linapita mitaani na kamera juu."

Sikuwahi. Nani abonyeze picha ya nyumba anayoiona kila siku bure?

"Kaibonyeze," akasema. "Lakini kwanza nitoe humu ndani, naogopa."

Nikamtoa. Akanishika mkono, akaniambia nimsalimie mke wangu. Nikamwambia salamu zake kwa sasa bora nisizifikishe.

Jioni tukakaa mezani jikoni: mimi, kompyuta, mke wangu kulia, na shemeji nyuma yetu na sahani yake. Nikaingia kwenye tovuti, nikaandika namba ya nyumba, nikabonyeza pale penye picha.

Mtandao wetu ni wa bei nafuu. Picha ilishuka taratibu kutoka juu, kama pazia la duka linalofungwa na mtu mvivu.

Kwanza likaja paa.

"Paa letu," nikasema.

Ukaja ukuta, rangi ya maziwa, kazi ya shemeji.

"Ukuta wetu! Nilikuambia! Wewe ulinifanya nilale kwenye kiti!"

Likaja dirisha. Mke wangu akasogeza uso karibu na kioo.

"Hayo mapazia si yangu," akasema.

Ikaja kofia. Kofia ya sare, yenye beji mbele. Chini ya kofia ukaja uso, na chini ya uso tumbo, na chini ya tumbo suruali iliyokunjwa mpaka magotini, na mwisho miguu miwili imetulia ndani ya beseni la maji.

Tulikuwa tunamjua. Mtaa mzima unamjua.

"Huyo ni Mzee Daraja," akasema mke wangu.

"Anafanya nini nyumbani kwetu?" nikauliza.

"Si kwetu, baba. Ni kwake. Umekuwa ukimlipia kodi Mzee Daraja."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, akafuta machozi, akasema kumbe nyumba ndogo yenyewe ina babu na beseni. Akanishika shavu. Nilijua kuanzia hapo nimerudishwa chumbani, na nikafurahi kwa muda kama wa kumeza mate. Kisha tukakumbuka Alhamisi.

Sasa niwaeleze kuhusu Mzee Daraja, maana bila yeye hamtaelewa kwa nini ilikuwa vigumu kumkabili.

Ni mwenyeji wa pale, kazaliwa kwenye nyumba ile ile. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mlinzi wa kizuizi darajani: gari linakuja, linalipa ushuru, yeye anainua mti, linapita, anaushusha. Alistaafu mwaka ule ule tuliohamia. Na mwaka ule ule, bili ya kodi ya jengo ikaacha kumfikia. Mwaka uliofuata vile vile. Mzee akafikiri, akapata jibu: serikali imemkumbuka. Imeona alivyosimama juani na mvuani, ikaamua kumsamehe kodi kimyakimya, bila makelele, kama watu wakubwa wanavyofanya mambo yao.

Aliwaalika majirani wote kusherehekea. Mimi nilipeleka soda.

Na kila mwaka akiniona nalalamika kibarazani na simu yangu, nalipa kodi, alikuwa ananipigia kelele kutoka upande wake: "Lipa, mwanangu, lipa! Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Kisha anacheka. Na mimi nacheka. Kumbe mwenyeji alikuwa anapona kweli.

"Lakini imekuwaje?" mke wangu akauliza. "Namba uliitoa wapi?"

"Kwenye kibao. Kile cha bati, hapo ukutani." Pale, ukijiandikisha kulipa kodi, unaandika namba iliyo kwenye kibao cha nyumba. Hati ya nyumba ina namba zake nyingine, hazihusiani. Nilitoka nje wiki ya kwanza baada ya kuhamia, rangi bado inanuka, nikainakili kutoka kwenye kibao changu, ukutani kwangu. "Kibao kipo pale pale. Na aliyebandika karatasi mbona hakukosea nyumba?"

"Wao wanafuata ramani," akasema mke wangu taratibu. "Vibao ni vya sisi tusio na ramani."

Rangi bado inanuka. Tuligeuka wote wawili kwa pamoja. Shemeji alikuwa ameacha kutafuna.

"Shemeji," nikasema. "Ulipopaka ule ukuta, kibao ulikiondoa?"

"Lazima ukiondoe, shem. Hupaki kuzunguka kibao. Hiyo kazi ya kihuni."

"Na cha mzee? Si ulimpakia na yeye siku ile ile?"

"Alinibembeleza. Akaniambia rangi imebaki, kwa nini itupwe."

"Kibao chake ukakiweka wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Na changu?"

"Ndoo ilikuwa moja, shem."

Mke wangu akafumba macho. "Mdogo wangu. Wakati wa kuvirudisha, ulijuaje kipi ni cha wapi?"

Akatafakari. Kwa haki yake niseme alijitahidi kukumbuka.

"Vilikuwa vinafanana," akasema.

"Vina namba!" nikapiga kelele. "Namba, bwana! Kubwa hivi!"

"Shem, mimi ni mtu wa rangi."

Sikumpiga. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu wiki iliyopita kuna msomaji aliniandikia kwamba mimi ni mtu wa hasira. Nilitoka tu nje, nikavitazama vile vibao viwili kila kimoja ukutani kwa mwenzake, nikarudi ndani.

Tovuti ilikuwa na njia moja ya kutuokoa. Palikuwa na kitufe kimeandikwa "Hamisha malipo." Ukilipia nyumba isiyo yako, malipo yote yanaweza kuhamia kwenye nyumba yako na deni likafutika. Sharti ni moja: mwenye nyumba uliyoilipia akubali mwenyewe, kwa kidole gumba chake, kwenye simu yake au yako.

Maana yake, mtu aende kwa Mzee Daraja akamwambie.

Jumatano nilipotoka kazini tukavuka kizingiti chake wote watatu. Sebule ya mzee ni safi kuliko kliniki ya mke wangu. Viti vina vitambaa, ukutani kuna picha ya daraja, na kwenye msumari ilining'inia sare yake, imepigwa pasi, na filimbi shingoni mwa hanga.

"Karibuni, karibuni! Mbona mmekuja kama mnaposa?"

Tukaketi. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaanza.

"Mzee wangu, tumekuja kuhusu mambo ya kodi."

"Aaah, kodi!" Uso ukamng'aa. "Nimeiona ile karatasi getini kwako, nikasikitika. Ningekuwa na uwezo ningekusemea, mwanangu. Lakini mambo haya serikali inaangalia mtu na kazi yake. Mimi niliinua ule mti miaka yote, sikuomba kitu. Wao wenyewe wakaona."

Mke wangu akanikanyaga tena. Nikafungua mdomo, nikasema chai yake nzuri. Bado hakuwa ameileta.

Nilishindwa. Nasema wazi, nilishindwa. Nyumba yangu ilikuwa inauzwa kesho yake, na nilikaa pale nikiwaza kwamba yule mzee hana mke, watoto wako mbali, pensheni yake ni ya kununulia dawa, na kitu pekee anachotembea nacho kifua mbele mtaani ni kwamba serikali ilimkumbuka. Mimi nani nikakitoe hicho kifuani kwake?

"Mzee," akasema shemeji, "kodi yako ilikuwa inalipwa na huyu."

Usiombe upate shemeji mkweli.

Mzee Daraja akacheka kidogo. Akatutazama mmoja mmoja. Kicheko kikapungua.

"Anasema nini huyu kijana?"

Ikabidi nimweleze. Nilimweleza vibao, ndoo, rangi, picha ya beseni, na kile kitufe kinachosubiri kidole gumba chake. Alisikiliza bila kunikatisha, mikono juu ya magoti. Nilipomaliza akabaki anatazama ile picha ya daraja.

"Kwa hiyo hawakunisamehe," akasema.

"Walidhani umelipa, mzee."

"Walidhani nimelipa." Akatikisa kichwa polepole. "Na nilialika watu."

"Baba," mke wangu akasema kwa sauti yake ya wodini, "hakuna mtu anayehitaji kujua."

"Mimi nimejua, binti yangu." Akainuka, akatufungulia mlango. "Nendeni mkapumzike."

Hakusema atabonyeza. Hakusema hatabonyeza. Tulirudi nyumbani, tukaanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Kupitia ukutani hatukusikia kitu, hata redio yake. Shemeji alijitolea kufungasha kochi, nikamwambia kochi aliache, yeye ndiye ajifungashe.

Alhamisi dalali akaja na kengele yake, meza ya kukunja, ndoo ya gundi na kijana wa kubeba meza. Watu kumi na kitu walikuwa wameshakusanyika, wengine wa kununua, wengi wa kutazama. Mwanamume mmoja alikuwa anagonga ukuta wangu kwa vidole, anasikiliza kama mtu anayechagua tikiti maji. Mke wangu alisimama getini na sare yake ya kazi, hakwenda kazini, na nilimwona anauma mdomo. Pale ndipo tulipoweka kila kitu tulichochuma. Tukitoka pale tulikuwa hatuna pa kurudi.

Dalali akapiga kengele. "Ndugu wanunuzi! Nyumba hii, mali ya mgeni—"

Filimbi ikalia.

Mlango wa pili ukafunguka. Mzee Daraja akatoka na sare kamili, kofia kichwani, vifungo vinang'aa. Akatembea mpaka katikati ya njia, akainua mkono wake wa kulia juu, kiganja mbele.

"Simama hapo!"

Dalali akasimama. Na yule wa kugonga ukuta akasimama. Hata mimi niliacha kupumua.

"Mzee, tuko kazini," dalali akasema.

"Nimesimamisha malori ya mchanga yasiyo na breki. Wewe na kikengele chako utanipita?" Akanigeukia. "Mwanangu, lete hiyo simu."

Nilimletea mbio. Herufi za tovuti ni ndogo na mzee alikuwa katoka bila miwani, kwa hiyo nikamsomea kila ukurasa kwa sauti. Jina lake, nikaandika. Namba ya nyumba yake, ile ya kweli, nikaandika. Tukafika pale pa mwisho, penye duara la kuweka kidole gumba. Hapo akaniuliza kwa sauti ya chini, watu wasisikie:

"Nikiweka, deni linahamia kwangu?"

Sikuwa na haki ya kumdanganya. "Ndiyo, mzee. La miaka yote. Lakini wewe ni raia. Wataandika mpango, utalipa kidogo kidogo, niliambiwa pale ofisini kwa mdomo wao. Na mimi nitakuchangia."

"Hutanichangia kitu. Nimekula cha mgeni miaka yote hii nikidhani nakula changu. Sasa nifute mdomo, nikuangalie unatupiwa vyombo nje?"

Akaweka kidole.

Duara likazunguka. Kisha skrini ikawa ya kijani, na wakati huo huo simu ya dalali ikalia mfukoni mwake. Akaisoma. Akaisoma tena. Akaja kwenye geti langu, akaibandua ile karatasi nyekundu, akaikunja.

"Imefutwa," akasema. "Nyumba hii haidaiwi."

Mke wangu aliketi chini pale pale getini akalia, kilio cha sauti, na mimi nikacheka kama mwehu. Shemeji akawakumbatia watu asiowajua. Majirani wakampigia Mzee Daraja makofi, wengi wao bila kujua kafanya nini, na mzee akasimama wima katikati ya njia, mkono kwenye kofia. Nilimpenda yule mzee asubuhi ile kuliko ninavyoweza kuandika. Nikamshika mkono, nikautikisa bila kuuachia.

Simu ikalia mkononi mwangu. Ujumbe mwingine.

Nilidhani ni risiti. Nikausoma.

"Kwa mmiliki," ulisema, kisha namba ya nyumba ya Mzee Daraja, ile ya kweli. Ulisema kwamba malipo yote ya nyumba hiyo tangu mwaka fulani yalitoka kwenye akaunti ya mgeni. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu zinaonyesha nyumba hiyo ni mali ya mgeni. Mgeni hana haki ya mpango wa malipo. Deni lote linatakiwa sasa hivi. Kwa kuwa dalali yuko tayari eneo hilo, mnada utafanyika leo.

Nikausoma mara ya pili, nikitafuta neno moja nililolielewa vibaya. Sikulipata. Mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba ile, upande ule wa ukuta, amegeuzwa mgeni na risiti zangu.

Nyuma ya mzee, dalali alikuwa anasoma simu yake kwa mara nyingine. Akamwita kijana. Kijana akaiinua ndoo ya gundi, akaanza kutembea nayo kuelekea geti la pili. Mke wangu akaniona uso. Akaacha kulia, akainuka, akaja akasoma juu ya bega langu, na kucha zake nikazisikia zinaingia mkononi.

Mzee Daraja hakuyaona hayo. Alikuwa amewapa mgongo dalali na kijana wake, kifua mbele, anawapungia majirani.

"Imelia hiyo!" akasema, akainyooshea simu kidole. "Ni wao? Wameandika nini? Soma kwa sauti, mwanangu, na hawa nao wasikie."